Je, Mtambo Hauna Kosa?

Liko neno moja ambalo siku hizi lapita mkono kwa mkono kama sarafu iliyochakaa, hata hapana tena aitazamaye chapa yake. Twalisikia barazani, twalisikia katika mikutano ya wazazi, na waalimu wenzetu hulisema mbele ya watoto pasipo kulipima: "Mtambo hauna kosa, kosa ni la mtu autumiaye." Mara hufuata mfano wa kisu, kwamba kisu hukata mkate na kisu huua mtu, wala hakuna aendaye kumshtaki mhunzi. Hapo mazungumzo hukoma, na kila mtu huondoka ameridhika.

Sisi twalipinga neno hilo. Wala hatulipingi kwa kuwa twaichukia mitambo. Karatasi hii uisomayo imechapwa kwa mtambo. Watoto wetu wako hai kwa chanjo zilizotengenezwa na mafundi. Na mwalimu asiyependa taa ya umeme wakati wa kusahihisha madaftari hatujapata kumwona. Twalipinga kwa sababu si kweli, na kwa sababu uwongo huu una watu unaowafaa na watu unaowadhuru, nao si watu walewale. Hata mfano wenyewe wa kisu ni mbovu. Kisu hakimjui akishikaye, hakiweki kumbukumbu ya mkate uliokatwa, wala hakimpelekei habari mhunzi aliyekifua. Mitambo mingi ya sasa yafanya hayo yote, tena usiku na mchana.

Basi ili tusiseme hewani, na tulitazame jambo moja lililotokea kweli mjini Nairobi.

Tarehe 24 Julai 2023 kampuni iitwayo Tools for Humanity, ya San Francisco huko Marekani, ilizindua shauri lake liitwalo Worldcoin. Mmoja wa walioianzisha mwaka 2019 ni Bwana Sam Altman, mkuu wa OpenAI, kampuni iliyotoa ChatGPT, ule mtambo wa kuandika na kujibu maswali uliotokea mwezi Novemba 2022. Shauri lao lilikuwa hivi: kwa kuwa mitambo imeanza kusema kama watu, itakuwa vigumu kujua katika intaneti nani ni mtu na nani ni mtambo, basi kila mwanadamu duniani na apigwe picha ya macho, apewe ushuhuda ya kwamba yeye ni mtu kweli, na pamoja na ushuhuda huo apewe sarafu mpya isiyoshikika, ambayo ni namba tu ndani ya simu. Picha yenyewe hupigwa na tufe ling'aalo kama fedha, ukubwa wake kadiri ya mpira wa kandanda. Mtu husimama mbele yake, akalitazama kitambo, na kazi imekwisha.

Watu wa Nairobi walimiminika. Kila aliyetoa macho yake aliahidiwa sarafu 25, ambazo thamani yake siku zile ilikuwa karibu na shilingi 7,000 za Kenya. Penye jumba la mikutano la KICC safu zilikuwa ndefu mno. Waandishi wa magazeti walipowauliza watu wamefuata nini, wengi walijibu waziwazi kwamba wamefuata fedha. Habari za ushuhuda wa utu hawakuzijua, wala hawakujali kuzijua. Nani atawalaumu? Mwezi huohuo wa Julai kodi ya mafuta ya petroli ilikuwa imepandishwa kutoka asilimia 8 hadi asilimia 16, na kila kitu kibebwacho na gari kilikuwa kikipanda pamoja nayo. Pakiti ya kilo 2 za unga wa mahindi iliuzwa karibu shilingi 200. Mama mwenye watoto akipiga hesabu ya shilingi 7,000 aona pakiti zaidi ya thelathini, yaani ugali wa muda mrefu, kwa kazi ya kutazama mpira wa fedha.

Tarehe 2 Agosti 2023 Bwana Kithure Kindiki, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alisimamisha kazi hiyo. Lakini serikali ilipohesabu iliona ya kwamba Wakenya zaidi ya 350,000 walikuwa wamekwisha kutoa macho yao. Bunge likaunda kamati, kamati ikachunguza, na mwezi Septemba ikashauri kazi hiyo ifungwe kabisa katika nchi.

Sasa, ni kitu gani kilichotwaliwa pale? Wako wanaodhani kwamba ni picha tu, kama picha ya arusi au ya pasi. Sivyo. Katika jicho mna kile kitundu cheusi cha katikati, na kukizunguka mna mviringo wenye rangi, ambao watu wengi huuita mboni. Mviringo huo ukitazamwa kwa karibu una nakshi nyingi, mistari na vishimo, kama mkeka uliosukwa na fundi asiyerudia kazi yake. Nakshi hiyo hufanyika mtoto angali tumboni mwa mama yake. Hata pacha wa yai moja hawafanani, wala jicho la kuume halifanani na la kushoto. Nayo hudumu karibu maisha yote ya mtu. Profesa John Daugman wa Cambridge, Uingereza, alibuni mwanzoni mwa miaka ya 1990 hesabu ya kuigeuza nakshi hiyo kuwa safu ya namba, na kwa namba hizo kompyuta yaweza kumtambua mtu mmoja kati ya mamilioni kwa dakika chache. Hesabu hiyo ni kazi ya akili kubwa, nasi twaisifu kwa moyo mweupe.

Wenye tufe walijitetea wakisema: picha ya jicho hufutwa, isipokuwa mwenyewe amekubali ihifadhiwe, kinachobaki ni namba tu. Neno hilo "tu" limetushangaza. Namba ndiyo yenyewe! Aliye na namba hana haja ya picha, kama vile aliye na ufunguo hana haja ya kukumbuka sura ya mlango. Tena ni ufunguo ambao mwenyewe hawezi kuubadili. Ukiibiwa neno la siri la simu, utaweka jingine kabla ya chakula cha mchana. Ukiibiwa kitambulisho, utakwenda kwa chifu, utahangaika, mwishowe utapewa kingine. Nakshi ya jicho lako ikiingia katika mikono isiyofaa, utakwenda ofisi gani ukaombe macho mengine?

Hapo ndipo wapinzani wetu hutujibu kwa ushujaa kwamba watu wale walikwenda wenyewe, kwamba hapana askari aliyewasukuma, na kwamba mtu mzima ana haki ya kufanya biashara na kilicho chake.

Neno hili lataka kujibiwa kwa uangalifu, maana lafanana na haki. Kila mwaka darasani twafundisha habari za Esau, jinsi alivyotoka mawindoni amezimia kwa njaa, akauza haki yake ya mzaliwa wa kwanza kwa chakula cha dengu. Na kila mwaka watoto humcheka Esau kwa upumbavu wake. Ni wachache wanaouliza habari za yule aliyekaa jikoni. Yakobo hakumwendea nduguye asubuhi, tumbo likiwa limejaa, akamweleza shauri na kumpa siku tatu za kufikiri. Alingoja mpaka harufu ya chungu na njaa ya mwindaji zikutane mlangoni. Biashara ilikuwa ya hiari, ndiyo. Lakini saa ya biashara ilichaguliwa na mmoja tu.

Wazee wetu husema ya kwamba mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Katika jambo hili twathubutu kusema kinyume chake: huyu mwenye shibe alimjua mwenye njaa vizuri sana, na ndiyo sababu alimtembelea kwanza. Tangu kabla ya uzinduzi ule, tufe lilikuwa limekwisha kujaribiwa katika nchi nyingi za maskini, na Kenya ni mojawapo. Na watu wa Marekani, nchi ya kampuni yenyewe? Mwaka 2023 hao hawakugawiwa sarafu zile, kwa kuwa sheria za kwao za fedha zilitiliwa hofu. Mlango wao haukufunguliwa mpaka mwezi Mei 2025, katika miji sita. Tafakarini, wasomaji. Kitu kilichoonekana kuwa na mashaka kwa mwenye nyumba kilimfaa jirani, kwanza, kwa muda wa miaka karibu miwili. Sisi kwetu mpishi huonja kwanza mwenyewe.

Wala desturi hii haikuanzia Nairobi, wala haikuanza na tufe. Alama za vidole, ambazo leo polisi wa kila nchi huzitumia, zilijaribiwa kwanza katika Uhindi iliyotawaliwa. Mwaka 1858 Mwingereza William Herschel, mtumishi wa serikali katika Bengal, alimtaka fundi mmoja mwenyeji agonge kiganja chake katika mkataba ili asije akaukana. Mwishoni mwa karne ile njia ya kuzipanga alama hizo ilikamilishwa hukohuko Bengal, katika ofisi ya Edward Henry, nao wasaidizi wake Wahindi walifanya sehemu kubwa ya hesabu. Kisha mwaka 1901 ikapelekwa London. Hata mboni zenyewe zilianza kupimwa kwa wingi kwa watu wasioweza kukataa: mwaka 2002 Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi lilipima macho ya Waafghani huko Peshawar waliokuwa wakirudi kwao, ili asiwepo apokeaye msaada mara mbili. Twakiri kwamba nia ya kuzuia udanganyifu si mbaya. Walakini hatujasikia bado matajiri wakipangwa foleni ili yajulikane macho ya wale wapokeao posho mara mbili.

Na Kenya yenyewe je? Babu zetu walijua jambo hili kwa shingo zao. Baada ya vita vya kwanza vya dunia serikali ya kikoloni ilitia nguvu sheria ya kipande. Kila mwanamume Mwafrika aliyefika umri wa miaka 16 alilazimishwa kuchukua karatasi yenye alama za vidole vyake, pamoja na habari za waajiri wake na mshahara wake, ndani ya kibati ambacho wengi walikivaa shingoni kwa kamba. Aliyeonekana bila kipande alitozwa faini au alifungwa. Kipande ni mojawapo ya mambo yaliyomfanya Harry Thuku apaze sauti mwaka 1921. Na alipokamatwa mwezi Machi 1922, watu waliokwenda kudai aachiliwe walipigwa risasi katika mji wa Nairobi, wengi wakafa.

Liko jambo moja la historia hiyo ambalo laeleza shauri letu kuliko maneno yetu yote. Mwaka 1947 iliandikwa sheria mpya ya kuandikisha watu wa rangi zote, nao wote watoe alama za vidole. Ndipo walowezi Wazungu walipopiga kelele. Walisema ni aibu, ni jambo la wahalifu, halimpasi mtu mwungwana. Wakafanya mikutano, wakaandika barua magazetini, hata wakatafutiwa njia nyingine ya kutumia picha na sahihi. Wino ulikuwa uleule uliowapaka Waafrika vidole kwa miaka karibu thelathini. Mtambo haukubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni mkono uliotakiwa kupakwa, na mara moja watu wenye elimu nyingi wakaiona aibu ambayo walikuwa hawajaiona. Kama mtambo hauna kosa, kelele zile zilikuwa za nini?

Labda msomaji atasema: hayo ni ya wakoloni, nao wamekwisha kwenda zao, mtu akitoa alama ya mwili wake leo apata hasara gani? Na aende Garissa akaulize. Katika kaunti hiyo ziko kambi za Dadaab, zilizofunguliwa mwaka 1991 kwa ajili ya wakimbizi wa Somalia. Wenyeji wa pande zile, raia wa Kenya, walipopigwa na ukame na mifugo yao ikafa, waliona ya kwamba ng'ambo ya ua wa kambi mna chakula, mna zahanati, mna shule, na upande wao hamna kitu. Wengi wakaenda wakajiandikisha kama wakimbizi, wao na watoto wao, wakatia vidole vyao katika mtambo. Ni nani kati yetu ambaye mtoto wake alia kwa njaa asingefanya hivyo? Miaka ikapita, mvua zikarudi. Mtoto yule akatimiza umri wa miaka 18, akaenda kuomba kitambulisho cha uraia. Afisa akaweka kidole chake katika mtambo, nao ukajibu ya kwamba huyu ni mkimbizi. Akanyimwa. Mambo haya yamewapata maelfu ya watu. Mtu asiye na kitambulisho hapati laini ya simu kwa jina lake, hafungui hesabu katika benki, hapigi kura, na akikutana na askari barabarani hana la kusema. Mama aliutoa mkono wa mtoto wake siku moja ili apate maharagwe na mafuta, na mkono ule ukawa shahidi dhidi ya mtoto katika nchi ya baba yake.

Tuangalie vizuri hapo, maana ndipo penye kiini cha shauri hili. Ni nani "aliyeutumia vibaya" mtambo wa Garissa? Mwandishi wa kambi alifanya kazi yake kwa uaminifu. Afisa wa vitambulisho naye alifuata amri. Kompyuta haikukosea, ilisema kweli kwamba kidole hiki nimekwisha kukiona. Hakuna mtumiaji aliyekuwa mwovu, na bado maelfu walidhurika. Basi kosa lilikuwa wapi? Lilikuwa katika kupanga. Wako watu waliokaa mezani wakakata shauri kwamba mtambo ukumbuke daima na usisahau kamwe, kwamba orodha ya chakula iweze kusomwa na ofisi ya uraia, kwamba lisiwepo dirisha ambalo mtu aweza kwenda kusema, "Nilikuwa na njaa, mimi ni wa hapa." Mtambo wo wote ni mashauri ya watu yaliyogandishwa. Mtu akisema hauna kosa, asema kwamba waliokata mashauri yale wasiulizwe neno.

Torati ilikuwa na hekima katika jambo hili. Ajengaye nyumba mpya yenye sakafu ya juu aliagizwa aweke ukuta mdogo kandokando yake, asije mtu akaanguka, damu ikawa juu ya nyumba ile. Haikusemwa kwamba wageni wafundishwe kutembea kwa uangalifu. Haikusemwa kwamba dari haina kosa, kosa ni la aangukaye. Mjenzi alitakiwa kufikiri kuanguka kwa mtu ambaye hajamwona bado, kabla hajampandisha juu.

Na Kenya, twafurahi kusema, ina sheria yenye roho hiyohiyo. Sheria ya kulinda habari za watu ya mwaka 2019 yataka kwamba mtu akitaka kufanya kazi iwezayo kuhatarisha haki za watu kwa kukusanya habari zao, apime kwanza madhara yake na kuyaandika. Na kwamba ridhaa ya mtu iwe ya hiari kweli, naye awe ameelezwa. Kwa sheria hiyo Taasisi ya Katiba na wenzake waliwashtaki wenye tufe. Mwezi Mei 2025, mwezi uleule mlango ulipofunguliwa kwa Wamarekani, Mahakama Kuu ya Nairobi ilitoa hukumu: ukusanyaji ule ulivunja sheria, madhara hayakupimwa inavyotakiwa, na ridhaa iliyovutwa kwa ahadi ya sarafu haikuwa ridhaa halali. Waliamriwa wazifute habari za macho ya Wakenya katika muda wa siku saba, mbele ya usimamizi wa Kamishna wa habari hizo. Hatukumbuki hukumu nyingine ya siku hizi ambayo tungependa zaidi isomwe katika madarasa ya juu. Nchi nyingine pia ziliamka: mwezi Machi 2024 Uhispania na Ureno zilisimamisha upimaji huo kwa muda, na mwezi Mei 2024 Hong Kong ikaupiga marufuku.

Wapo wanaotuonya ya kwamba kwa maneno kama haya Afrika itaachwa nyuma. Twajibu kwa M-Pesa. Huduma ile ilianza kujaribiwa nchini Kenya mwezi Oktoba 2005 ili watu walipe mikopo midogo kwa simu. Watu hawakuitumia kama wenye shauri walivyopanga. Walianza kutumiana fedha, mtu wa mjini akimpelekea mama yake kijijini. Waliobuni wakatazama, wakasikia, wakabadili shauri lao, na mwezi Machi 2007 wakaitoa kwa taifa zima kama njia ya kutuma fedha nyumbani. Hapana aliyeachwa nyuma; bali dunia ilikuja Nairobi kujifunza. (Kwamba siku hizi njia hiyohiyo huwapeleka vijana wetu katika kamari ni habari ya makala nyingine, nayo tutaiandika tukipewa nafasi.) Maendeleo yalipatikana pale mtambo ulipofuata haja ya watu. Shauri la tufe liliwataka watu wafuate haja ya mtambo.

Na haja yenyewe ni ya ajabu. Twaambiwa macho yetu yatakiwa kwa sababu mitambo imefanana mno na watu. Ni nani aliyeifananisha? Ni Bwana yuleyule ambaye kampuni yake nyingine yauza mtambo wa kusema kama mtu. Huyu achimba shimo kwa mkono wa kuume, na kwa mkono wa kushoto auza ngazi. Tena mji wa Nairobi ulikwisha kutozwa mara moja katika kulichimba shimo hilo: gazeti la Time la Marekani lilieleza mwezi Januari 2023 jinsi vijana wa mji huo walivyoajiriwa kusoma maneno machafu na ya ukatili siku kutwa, ili mtambo wa OpenAI ufundishwe kuyaepuka, kwa ujira wa dola 1.32 hadi dola 2 kwa saa. Baadhi yao walisema ya kwamba usingizi wao uliharibika kwa yale waliyoyasoma. Walitoa akili zao kwanza, kisha ndugu zao wakaja kuombwa macho.

Basi twasema nini kwa waalimu, na kwa wakuu wa makanisa yenye majumba makubwa na viwanja vipana? Wenye mitambo mipya hupenda sana majumba yetu. Watu hutuamini, tangazo likibandikwa penye mlango wa kanisa au wa shule, nusu ya mashaka ya watu huondoka kabla hawajalisoma. Imani hiyo si mali yetu ya kukodisha. Ajaye kuomba ukumbi ili apime macho, vidole, sauti au nyuso za watu, aulizwe mbele ya wazee wote, si ofisini mwa mtu mmoja, na majibu yake yaandikwe kwa Kiswahili: atwaa nini, akiweka wapi, nani mwingine atakisoma, na siku mtu akighairi afanye nini. Aulizwe pia kama amekwisha kumpima mkewe na watoto wake. Tusione haya kuuliza hivyo. Fundi mwema hufurahi kuulizwa habari za kazi yake.

Swali moja limebaki, nalo ni gumu kuliko yote, wala hatutaki kulikimbia. Mwanamke aliyesimama penye KICC anaweza kutuambia: "Ninyi mliokula, mwanizuia nisiuze jicho langu. Vema. Je, shilingi 7,000 mtanipa ninyi?" Hapana hoja ya mahakama wala ya vitabu imjibuyo huyu. Sheria yaweza kumfukuza mnunuzi, haiwezi kupika. Tukikaa tukimwambia tu kwamba mwili wake ni wa heshima, kisha tukaenda zetu nyumbani kula, tutakuwa tumefanana na Yakobo, isipokuwa sisi hata dengu hatukupika. Kila usharika una mfuko wa maskini, na kila kijiji kina chama cha kuzikana na cha kusaidiana. Mifuko hiyo hufunguliwa upesi sana mtu akifa, na kwa shida sana mtu akiwa na njaa. Twataka wazee wa usharika, katika mkutano wao wa mwezi ujao, waitoe hesabu ya mfuko huo mezani, waisome kwa sauti, na waseme ni watu wangapi walio hai waliopewa kitu kutoka humo tangu mwaka uanze.